Megawati za bwawa na uniti za mita

Bwawa kubwa likitajwa, namba inayotangulia ni ya megawati. Three Gorges la China lina 22,500. Itaipú, mpakani mwa Brazil na Paraguay, 14,000. La Ethiopia kwenye Mto Abbay (Blue Nile), lililozinduliwa Septemba 2025, 5,150. Na la kwetu Tanzania, kwenye Mto Rufiji, 2,115. Namba hizi hazina uongo, na tuta la zege kama lile la Ethiopia ni kazi ya kuvuliwa kofia. Ila megawati hupima nguvu ya mashine siku ambayo maji yanatosha na zote zinazunguka. Hakuna mwenye karakana wala saluni anayenunua nguvu hiyo. Ananunua uniti, yaani kilowati-saa, kwa LUKU, mita ya kulipia kabla ya kutumia, na safari ya uniti kutoka kwenye tuta hadi kwenye mita hupitia maji ya mwaka mzima, waya na mikataba, mambo ambayo hotuba za uzinduzi huyaruka. Sekta hii ikipimwa kwa megawati itaonekana imeshamaliza kazi, lakini ikipimwa kwa uniti zinazofika hesabu hubadilika, na si kwetu tu.

Tuanze na majitu yenyewe. Mwaka 2016 Itaipú ilizalisha uniti bilioni 103. Three Gorges, yenye mashine kubwa zaidi kwa megawati 8,500, ilifika karibu bilioni 112 mwaka 2020, na hiyo ikawa rekodi ya dunia. Kwa hesabu ya kawaida, Itaipú ilitumia zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake mwaka ule, na Three Gorges chini ya asilimia 60. Sababu haiko kwenye ufundi. Mto Paraná unafika Itaipú ukiwa umeshatulizwa na mabwawa mengi ya juu yake, wakati Yangtze hufurika kiangazi cha kule na kunywea majira ya baridi. La Ethiopia linakadiriwa kutoa kama uniti bilioni 15.7 kwa mwaka, yaani zaidi kidogo ya theluthi ya uwezo wake. Rufiji nalo, kwa makadirio ya mradi wenyewe, ni takriban bilioni 6. Gawa kwa saa za mwaka mzima, na zile megawati 2,115 zinakuwa wastani wa karibu 685.

Afisa mmoja wa sekta ya nishati, aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa jina, anasema hesabu hiyo ni ya kupotosha. Anachokirudia yeye ni kwamba uwezo wa mitambo yote nchini umepita megawati 4,000, wakati mahitaji ya juu kabisa ya gridi hayakuwa yamefika 2,000 mashine za kwanza za Rufiji zilipowashwa mwaka 2024. Kwa maelezo yake, mashine tisa za megawati 235 hazikufungwa ili zizunguke zote usiku na mchana. Zimefungwa ili bwawa litunze maji mchana na kuyamwaga jioni, watu wanapowasha taa, pasi na televisheni kwa pamoja. Hoja hii ina uzito. Bwawa lenye mashine nyingi kuliko maji yake linaweza kubeba kilele cha jioni, na umeme wa jua ukiongezeka litafaa zaidi. Tukumbuke pia kwamba miezi michache kabla ya hapo nchi ilikuwa kwenye mgao, na mapema 2024 ikafikia kuzima baadhi ya vituo vya maji kwa sababu umeme ulizidi. Hata hivyo, namba ya 4,000 inajibu swali ambalo wateja hawakuuliza. Inajumlisha mashine za gesi zilizosimama, za maji zinazosubiri mvua na nyingine zilizoko matengenezo, kisha inaitwa ziada.

Swali la wateja ni lile la mwenye mashine ya kusaga na kukoboa mahindi huko Manzese, Dar es Salaam. Yeye anasema umeme kukatika si shida yake kubwa tena, kwa sababu ukikatika unajua umekatika: unazima swichi kubwa, vibarua wanakaa kwenye magunia, mnasubiri. Kinachomtia hasara ni umeme mdogo. Mota zake ni za fezi tatu. Fezi moja ikipotea, mota inaguna bila kuzunguka, na asipowahi kuzima inaungua pale pale. Mota iliyoungua haitupwi, inapelekwa kusukwa upya, na fundi wa kusuka ana foleni kwa sababu majirani nao wameunguza. Wakati huo mteja aliyeleta mahindi yake ameshahamia kwa mwenye injini ya dizeli, na akishazoea kule harudi upesi. Amefunga kifaa cha kulinda mota kwa fedha zake, na anaona hiyo ni kodi nyingine ambayo haina risiti. Bei ya uniti kwenye LUKU yake, anasema, haijashuka hata shilingi tangu bwawa lianze kuzalisha. Anaposikia redioni kwamba nchi ina umeme wa ziada, anauliza ziada hiyo imelala wapi, maana kwenye transfoma ya mtaani kwake haijafika. Afisa wetu alipoulizwa hilo alijibu kwamba tatizo la transfoma ni la usambazaji, si la uzalishaji. Ni kweli tupu, na ndilo hasa msagishaji analolalamikia.

Bara hili lina mfano mkubwa zaidi wa tofauti hiyo. Tangu mwaka 1982 laini ndefu ya kilomita zipatazo 1,700 inatoa umeme wa mabwawa ya Inga, karibu na mdomo wa Mto Kongo, hadi Kolwezi kwenye migodi ya shaba ya Katanga. Inapita juu ya vijiji ambavyo vimeishi gizani chini yake miongo yote hiyo, kwa kuwa ilijengwa kwa ajili ya migodi, na kushusha njiani umeme wa msongo mkubwa kama ule ni kazi ghali. Kwetu hali si ya namna hiyo, lakini mwaka 2025 serikali ilieleza kwamba mikoa ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu kuusafirisha kutoka upande wa Rufiji kunapoteza kama shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Wengi walikasirika, pengine bila haki, kwani kununua kwa jirani aliye karibu zaidi na waya ni biashara ya kawaida. Hata hivyo, uamuzi ule ulikiri kwamba tuta bila njia za kusafirishia ni nusu ya mradi.

Watetezi wa mabwawa wanasema gharama husahaulika na faida hubaki. Itaipú inawaunga mkono: ilianza kuzalisha 1984, ikamaliza deni la ujenzi 2023, na mashine bado zinazunguka. Lakini ni karibu miaka 40 ya kulipa, na Paraguay kwa muda wote huo imekuwa ikiiuzia Brazil sehemu kubwa ya nusu yake ya umeme kwa masharti ya mkataba wa 1973. Utafiti wa 2014 uliofanywa na wasomi wa chuo kikuu kimoja cha Uingereza kuhusu mabwawa makubwa 245 ulikuta gharama halisi ilizidi makadirio kwa wastani wa asilimia 96. Wapo wanaopinga mbinu za utafiti ule, lakini ni wachache wanaopinga mwelekeo wake.

Yanabaki maji. Kariba, ziwa la mpakani mwa Zambia na Zimbabwe lililo kubwa kwa ujazo kuliko yote yaliyotengenezwa na binadamu, lilishuka mwishoni mwa 2022 hadi akiba ya kuzalishia ikawa chini ya asilimia 5, na ukame wa 2024 ukaiingiza Zambia, inayotegemea maji kwa zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake, kwenye mgao wa saa nyingi kwa siku. Tanzania ina gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, hivyo haiko uchi kiasi hicho. Ila Mtera, Kidatu, Kihansi na bwawa jipya yote yamo kwenye bonde moja la Rufiji; mvua zikigoma Kilombero na Usangu kwa misimu miwili mfululizo, yatapungukiwa kwa pamoja. Afisa wetu anasema mitambo ya gesi itaendelea kutunzwa kwa ajili ya miaka ya namna hiyo. Huenda ikawa hivyo, ingawa mashine isiyouza uniti haiingizi fedha, na bajeti ya vipuri ndiyo huwa ya kwanza kukatwa mvua zinaponyesha vizuri.