Maji ya Ziwa Victoria: yatokapo ziwani hadi bombani na shuleni

Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, ipo kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, jirani na Ziwa Victoria. Ukaribu huo peke yake si dhamana ya maji safi. Maji yanayochotwa moja kwa moja ziwani hubeba vimelea vya magonjwa, na anayeingia majini kuyachota hujiweka katika hatari ya kichocho, ugonjwa unaoenezwa kupitia konokono wa maji baridi na unaowasumbua zaidi watoto wa umri wa shule.

Mbali na ziwa, upande wa Maswa na Meatu, tatizo ni jingine. Baadhi ya visima vina madini ya floraidi kupita kiwango, na madini hayo hayaondoki kwa kuchemsha maji. Mito nayo hukauka kiangazi, wananchi wakalazimika kufukua mchanga.

Ndiyo maana ziwa limechaguliwa kuwa chanzo cha kutegemewa. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi Simiyu, kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania na Benki ya Maendeleo ya Ujerumani (KfW). Mradi unalenga wilaya zote tano za mkoa: Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu.

Kitaalamu, maji husukumwa kwa pampu hadi kwenye mtambo, tope likatuama, yakachujwa na kutiwa klorini, kisha yakapandishwa kwenye tangi lililo mwinuko ili yashuke yenyewe vituoni. Kiasi kidogo cha klorini huachwa makusudi kiyalinde maji njiani. Wapo wanaoichukia harufu yake. Bora harufu hiyo kuliko kuhara. Hata hivyo, klorini hiyo haiwezi kushindana na ndoo chafu.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka makazi, kituo kimoja kikihudumia watu 250. Kwa kipimo hicho mwananchi anaweza kuikagua huduma ya kijiji chake mwenyewe.

Shuleni mahitaji ni makubwa zaidi ya kunywa. Mwongozo wa kitaifa unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, lakini matundu hayo bila maji ya kunawa ni nusu ya kazi. Mahali ambapo bomba halijafika, mwanafunzi hubeba dumu kutoka nyumbani, na msichana aliye katika hedhi mara nyingi huona afadhali kubaki nyumbani.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), na kuweka uendeshaji wa skimu za vijijini mikononi mwa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Vyombo hivyo hukusanya malipo ya umeme, dawa na matengenezo. Pampu haijui kusubiri mchango wa mwezi ujao. Watumia maji nao wana kila sababu ya kudai taarifa ya mapato na matumizi mkutanoni. Kwa shule, jambo la kuafikiana mapema, kabla bomba halijafunguliwa, ni nani atakayelipa ankara yake miezi ya likizo na ya masomo.