Mzima wa Afya, Ini Linaumia

Hema la kutolea damu likisimamishwa katikati ya jiji la Nairobi, wanaojitokeza wengi ni vijana wenye nguvu zao. Kabla ya kufika wodini, damu yao hupimwa virusi vya Ukimwi, kaswende, na homa ya ini aina ya B na C. Huduma ya kitaifa ya damu tuliyo nayo ni tunda la tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipua ubalozi wa Marekani pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, na hospitali zikajikuta zinahitaji damu nyingi kwa mpigo. Tangu hapo watu wengi wasio na dalili yoyote wamejulikana kuwa na kirusi cha homa ya ini B kwa sababu tu walijitolea damu.

Wengine huipata habari hiyo wakisaka kazi. Kijana wa Kangemi au Kawangware anayetaka kwenda Saudi Arabia au Qatar sharti apimwe afya, na nchi za Ghuba humkataa mwenye kirusi hiki. Anarudi nyumbani na karatasi inayosema hafai, nauli imekwenda, ada ya wakala imekwenda, na mara nyingi hakuna aliyemweleza hatua inayofuata.

Jambo linaloniuma ni hili: vipimo vyote viwili vilifanywa kwa faida ya mtu mwingine, kimoja kumlinda atakayeongezewa damu, cha pili kumridhisha mwajiri. Ini la kijana mwenyewe bado halijapimwa. Karatasi inaonyesha HBsAg, yaani ganda la nje la kirusi, na maana yake ni kwamba kirusi kimo mwilini. Kama bado kimo baada ya miezi 6, maambukizi yamekuwa ya kudumu. Karatasi hiyo haisemi chochote kuhusu hali ya ini, na mtu kujihisi mzima hakusemi chochote pia.

Nyama ya ini haina mishipa ya fahamu ya kuhisi maumivu. Inayouma ni ngozi nyembamba inayolifunika, tena likivimba na kuivuta. Isitoshe ini lina akiba kubwa ya uwezo. Sehemu kubwa yake inaweza kuharibika, na iliyobaki ikaendelea kusafisha damu na kutengeneza protini, mwenyewe akipanda matatu alfajiri na kubeba mizigo Gikomba bila kujua lolote. Macho yakigeuka manjano na tumbo likijaa maji, madhara yameshakuwa makubwa.

Kirusi chenyewe hakiui seli za ini moja kwa moja. Kinaingia, kinatumia seli kuzalisha virusi vingine, na kinaacha nakala yake ndani ya kiini cha seli, mahali ambapo dawa za leo haziwezi kuing'oa. Anayeua seli ni askari wa mwili wetu wenyewe: huchoma nyumba ili kumuua panya. Kila vita vikitulia, makovu hubaki, na makovu yakizidi ini hukakamaa.

Ndiyo maana umri wa kuambukizwa una uzito. Mtoto mchanga akiambukizwa na mamake wakati wa kuzaliwa, kinga yake haimtambui adui, na watoto 9 kati ya 10 hubaki na kirusi. Kwa mtu mzima aliyekuwa na afya njema ni chini ya 5 kati ya 100. Hapa kwetu wengi waliambukizwa utotoni, kutoka kwa mama au kwa watoto wenzao, kupitia vidonda na mikwaruzo. Miaka mingi ya mwanzo askari wale hulala. Wakiamka, mara nyingi mtu anapoingia utu uzima, uharibifu huanza, kisha hutulia, kisha pengine huanza tena. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya watu wazima 100 wenye maambukizi ya kudumu, 20 hadi 30 watapata ini lililokakamaa au saratani ya ini. Wengi basi hawatafika huko, na wana haki ya kuambiwa hivyo. Lakini huwezi kuwajua watakaofika kwa kuwatazama usoni.

Kipimo kimoja cha ALT hakitoshi kuwatambua. ALT ni kimeng'enya kinachovuja seli za ini zinapokufa. Kikipimwa wakati vita vimetulia, jibu litakuwa zuri. Wataalamu waliochukua vipande vidogo vya ini kutoka kwa watu wasio na dalili, ALT zao zikiwa za kawaida, waliwakuta baadhi yao na makovu tayari. Ndiyo sababu kipimo hurudiwa mara kadhaa mwaka wa kwanza, na wingi wa kirusi katika damu hupimwa pia.

Makovu nayo yanaweza kukadiriwa bila mashine ya gharama. Hesabu iitwayo APRI hutumia vipimo viwili ambavyo maabara ya kawaida ya Dagoretti inaweza kufanya: kimeng'enya cha AST na idadi ya chembe za kugandisha damu. Tuseme AST ya kijana fulani ni 48, kiwango cha juu cha kawaida katika maabara hiyo ni 40, na chembe ni 160. Gawa 48 kwa 40, upate 1.2, gawa kwa 160, kisha zidisha kwa 100. Jibu ni 0.75. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unasema mtu mzima akizidi 0.5 aanzishiwe matibabu. Kijana huyu bado anacheza mpira Jumamosi.

Mwongozo huo pia unawataka watibiwe wenye kirusi kingi pamoja na ALT iliyopanda, wenye kisukari au mafuta kwenye ini, na wale ambao mtu wa ukoo wao alipata saratani ya ini. Hao wa mwisho nawasisitiza kwa sababu kirusi hiki kinaweza kujipachika ndani ya chembe za urithi na kuleta saratani hata kwenye ini lisilokakamaa. Sumukuvu ya mahindi huzidisha hatari hiyo. Mwaka 2004, sumukuvu ilipowaua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, uchunguzi ulionyesha kuwa wenye kirusi cha homa ya ini B walikuwa katika hatari zaidi ya kuugua. Mahindi yenye ukungu yasipikwe wala kusagwa, na pombe iachwe.

Dawa ipo. Tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, huzuia kirusi kuzaliana, na hata makovu yanaweza kupungua kadiri miaka inavyopita. Mtu asiiache ghafla bila ushauri wa daktari, kwani kirusi kinaweza kurudi kwa kishindo. Ni dawa ileile inayotolewa bure kwa wenye virusi vya Ukimwi, ilhali mwenye homa ya ini B pekee mara nyingi hujinunulia. Sioni hoja ya kitabibu inayotetea tofauti hiyo.

Halafu kuna wanaoishi nyumbani na mwenye kirusi. Kenya iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto mwishoni mwa mwaka 2001, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata utotoni. Mama, ndugu wa tumbo moja, mke au mume na watoto wapimwe. Kula sahani moja hakuambukizi. Wembe na mswaki visishirikiwe. Asiye na kirusi wala kinga achanjwe mara 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Mjamzito mwenye kirusi amweleze mkunga mapema, kwa sababu mtoto wake anahitaji chanjo ndani ya saa 24 za kwanza, bila kungoja ile ya ratiba ya watoto ya wiki ya 6.