Riwaya Iliyosubiri Kitanzi

Nyumba ile haikuwa na sefu. Richard Hickock na Perry Smith walikata mamia ya kilomita katika jimbo la Kansas, Marekani, kwa sababu mfungwa aliyewahi kukaa selo moja na Hickock alimwambia kuwa mkulima Herbert Clutter ana sefu iliyojaa fedha. Clutter, ambaye watu wa kijiji chake cha Holcomb walijua kuwa hulipa kwa hundi, aliuawa usiku wa kuamkia Novemba 15, 1959, pamoja na mkewe, binti yao wa miaka 16 na mwana wao wa kiume wa miaka 15. Wauaji waliondoka na dola zisizofika 50, redio na darubini.

Mwandishi Truman Capote alikiona kisa hicho katika habari fupi ya The New York Times, akafunga safari. Alifuatana na rafiki yake wa utotoni, Harper Lee, wakati huo riwaya yake ya To Kill a Mockingbird haijatoka. Wakulima walimshangaa Capote, kwa sauti yake nyembamba na mavazi yake. Lee ndiye aliyezoeana nao upesi. Wote wawili walisikiliza bila kalamu wala kinasa sauti, kisha wakaandika hotelini. Kitabu cha kisa hicho, In Cold Blood, kilipotoka, Capote alimtabarukia Lee, lakini jasho lake hakulitaja. Huo ni uchoyo.

Hata hivyo, In Cold Blood ni kazi ya fundi. Binti wa Clutter anamfundisha mtoto wa jirani kuoka pai ya cheri, huku gari la wauaji likizidi kukaribia. Tunajua watakufa tangu mwanzo, ila usiku wenyewe Capote anauficha. Anaturusha hadi asubuhi, kwa majirani wanaofungua mlango, na yaliyotokea ndani hatuyapati mpaka Smith anapokiri mbele ya wapelelezi, kurasa nyingi baadaye. Kufikia hapo tumeshaujua utoto wake wa mateso, tumeanza kumhurumia, na ndipo tunapomwona akishika bunduki.

Wauaji hao walihukumiwa kifo mwaka 1960, lakini rufaa zilivuta miaka. Capote aliendelea kuandikiana barua na Smith, akijua kwamba kitabu hakina mwisho mpaka huyu anyongwe. Hickock na Smith walinyongwa Aprili 14, 1965. Mwaka huohuo jarida la The New Yorker likakichapisha kwa sehemu nne, na kitabu kamili kikatoka 1966, mwandishi akisisitiza kuwa kila kilichomo ni kweli.

Si kweli. Katika tukio la mwisho, mpelelezi Alvin Dewey anakutana makaburini na rafiki wa binti aliyeuawa, sasa msichana wa chuo. Dewey mwenyewe alisema hawakukutana hivyo. Capote aliogopa kutuacha kwenye kitanzi, akatubunia faraja juu ya makaburi ya watu halisi. Natamani kila toleo jipya liseme hivyo waziwazi, kwenye ukurasa uleule.