Lebo ya kahawa: rangi ya kwenye simu siyo rangi ya kwenye mfuko

Wengi hapa Mabira bado tunauza kahawa ya maganda kupitia AMCOS, lakini sasa wapo walioanza kukaanga, kusaga na kufungasha wenyewe. Hongereni sana. Leo naomba tuzungumzie lebo, maana juzi nimeonyeshwa mifuko iliyonisikitisha. Kwenye simu, kahawa mbivu ilikuwa nyekundu inayowaka. Kwenye mfuko imetoka kama udongo wa matofali. Na hela imeshalipwa.

Tatizo liko wapi? Kioo cha simu kinatengeneza rangi kwa mwanga wa aina tatu: nyekundu, kijani na bluu. Mafundi wanaita RGB. Mashine ya kuchapa haina mwanga, ina wino wa aina nne: sayani, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK. Zipo rangi ambazo mwanga unazifikia ila wino hauzifikii, hasa kijani kinachong'aa, bluu kali na rangi ya chungwa inayowaka. Mashine ikikutana nazo inachukua iliyo karibu, na mara nyingi inakuwa imepoa.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Mwambie anayekuchorea aandae kazi kwa CMYK tangu mwanzo. Programu nyingi za simu zinafanya kazi kwa RGB tu, hivyo muulize kabisa.

2. Kumbuka mfuko nao una rangi yake. Wino mwingi unapitisha mwanga, hivyo ukichapa moja kwa moja kwenye mfuko wa kaki, njano inafifia na nyekundu inakuwa nzito. Njia rahisi ni kuchapa lebo ya karatasi nyeupe, halafu uibandike.

3. Picha iwe na pikseli 300 kwa kila inchi. Picha ya upana wa sentimita 10 inataka pikseli kama 1,200. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida inapunguzwa ubora, kwa hiyo itume kama dokumenti.

4. Maandishi madogo, kama tarehe ya kuisha muda na uzito, yawe ya wino mweusi peke yake. Yakichanganywa wino nne, karatasi ikisogea kidogo tu herufi zinakuwa na ukungu.

5. Msimbopau uwe mweusi juu ya nyeupe. Usiupake nyekundu ili ufanane na lebo! Mashine nyingi za kusoma msimbopau zinatumia mwanga mwekundu, na mistari myekundu haionekani kwake. Namba yenyewe inatolewa na GS1 Tanzania, usinakili ya mwenzako.

6. Rangi ya nyuma ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, la sivyo utapata ukingo mweupe.

7. Kabla ya kuruhusu kazi yote, dai sampuli iliyochapwa kwenye karatasi ileile na mashine ileile. Itoe nje uiangalie kwa mwanga wa mchana. Ukiridhika, saini sampuli mbili, moja abaki nayo mchapaji na nyingine ikae kwako. Picha aliyokutumia kwenye simu siyo sampuli.

Hiyo ya mwisho ndo inaokoa hela. Awamu ijayo rangi ikibadilika, una kitu cha kumwonyesha mchapaji. Bila hivyo mtabishana tu. Na mteja wa dukani Kayanga au Bukoba anakumbuka rangi ya mfuko kabla hajakumbuka jina. Akikuta umebadilika anadhani ni feki.

Umechuma iliyoiva tu, umeanika kwenye chanja na siyo kwenye vumbi. Usije ukaangushwa na lebo. Sampuli moja ni gharama ndogo kuliko mifuko 500 isiyouzika.

Mwenye swali aje na lebo yake ofisini, tuiangalie pamoja.