Mtoto asipolia: vita inayoendelea ndani ya ubongo

Kwenye ploti za mabati Sarang'ombe, siri ni chache. Mama akijifungua usiku, majirani husikia, na swali la kwanza huwa lile lile: "Amelia?" Mashosho wanaouliza hivyo hawajasomea udaktari, lakini wako sawa kabisa.

Tumboni, mtoto hupata oksijeni kupitia damu ya kondo la nyuma. Uchungu ukirefuka kupita kiasi, kitovu kikibanwa au kondo likibanduka mapema, oksijeni hupungua. Ubongo ndio huumia haraka, maana hauna akiba ya nishati ya maana.

Sasa ingia ndani ya ubongo wenyewe. Seli zake huongea kwa kurushiana kemikali, na mojawapo ni glutamati, ambayo kazi yake ni kuamsha seli jirani. Seli jirani huipokea kwa vipokezi. Kimoja kinaitwa NMDA, na unaweza kukifikiria kama mlango mdogo uliozibwa na magnesiamu. Siku ya kawaida kizibo hutoka kidogo, kalsiamu kiasi inaingia, mlango unafungwa. Nishati ikiisha, glutamati humwagika na hakuna wa kuizoa. Vizibo vinatoka, milango inabaki wazi, kalsiamu inafurika na kuwasha vimeng'enya vinavyokatakata protini na mafuta ya seli. Yaani seli inajila yenyewe.

Kinachouma zaidi ni kwamba vipokezi hivi kwa mtoto mchanga hufunguka kwa urahisi kuliko vya mtu mzima. Si kasoro. NMDA ndicho kipokezi cha kujifunza, na mtoto huyu ana dunia nzima ya kujifunza, kuanzia sauti ya mamake. Kinachomjenga ndicho kinachomgeuka hewa ikikosekana.

Na usidhani akishapumua mambo yameisha. Ubongo unaweza kutulia kwa saa kadhaa, kisha wimbi la pili la kuharibika kwa seli likaanza. Ndiyo maana mtoto aliyeonekana yuko poa asubuhi anaweza kushikwa na degedege jioni.

Nchi tajiri hutumia pengo hilo: mtoto hupozwa mwili hadi nyuzi 33 au 34 kwa saa 72, mradi aanze kabla ya saa 6 kupita. Lakini usikimbilie barafu. Utafiti uliofanywa India, Sri Lanka na Bangladesh, matokeo yakatoka 2021, ulionyesha kuwa waliopozwa walikufa wengi kuliko wenzao. Hii si kazi ya kujaribia nyumbani.

Kinachookoa hapa kwetu ni cha bei nafuu: kumkausha mtoto, kumsugua mgongo, na asipopumua, kumpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Kumning'iniza kichwa chini na kumchapa makofi kunapoteza dakika hiyo. Tanzania, wakunga wa hospitali 8 walipofunzwa mbinu hii, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, kulingana na matokeo ya 2013.

Shida ya Sarang'ombe ni kufika kwa huyo mkunga. Kwenye ramani Mbagathi ni hapo tu. Saa nane usiku ni hadithi nyingine: vichochoro havipitishi ambulensi, mwenye boda amezima simu, na mama mwenye uchungu anatembezwa gizani hadi lami. Kama mwenzako ana mimba, tafuteni watu wawili wa usafiri sasa, sio siku ile.

Na mtoto aliyechelewa kulia, hata kama mmeruhusiwa kwenda nyumbani, mwangalieni siku za kwanza. Akikataa kunyonya, akilegea kama kitambaa, akitafunatafuna mdomo mtupu au akipiga miguu kama anayeendesha baiskeli bila kukoma, hiyo yaweza kuwa degedege. Mrudisheni hospitali saa hiyo hiyo, na mwambieni daktari kwamba hakulia alipozaliwa.