Shuka la mitumba lageuka sketi

Rukanga iko chini ya Mlima Kasigau, mbali na maduka ya vitambaa ya Voi. Ushonaji si mgeni upande huu: huko Rukinga, karibu na Maungu, kampuni ya Wildlife Works imeendesha kiwanda cha nguo. Lakini sketi rahisi haihitaji kiwanda. Shuka la pamba la mitumba latosha.

Lifuliwe kwanza, kisha liinuliwe juani. Palipochakaa patapitisha mwanga. Hapo pasikatwe sketi.

Upana ni mzunguko wa nyonga na nusu yake: nyonga za sentimita 100 zataka kitambaa cha 150. Urefu huongezwa sentimita 4 za kukunjia kiunoni. Chini litumike pindo la shuka lenyewe, maana kulifumua ni kujitafutia kazi.

Mshono mmoja wa ubavuni, kisha juu hukunjwa na kushonwa, ukiachwa mwanya wa kupitishia lastiki kwa pini. Lastiki iwe fupi kuliko kiuno kwa sentimita 5 hivi. Asiye na cherehani ashone kwa mkono, mishono midogo, uzi mara mbili. Kipande kinachobaki ni mfuko.