Siri ya matawi katika unywele wa jani

BAADHI ya wadudu wafyonzao utomvu hawapendi jani lenye manyoya. Pamba yenye majani ya aina hiyo huwastahimili jasidi kuliko ile yenye majani laini, ingawa manyoya hayo hayo huwavutia inzi weupe. Kwa hivyo anayetaka kuzalisha mbegu bora hana budi kujua ni nini kinachoamua wingi na umbo la vinyweleo hivyo.

Jibu limetafutwa zaidi katika Arabidopsis, mmea mdogo wa ukoo mmoja na sukuma wiki na kabeji. Unywele wa jani lake ni seli moja tu, lakini seli hiyo kwa kawaida huwa na matawi matatu, mfano wa mti uliopukutika majani. (Pamba isokotwayo nyuzi nayo ni unywele wa seli moja uotao juu ya mbegu, ila haina matawi.)

Mwanzoni seli hiyo haitofautiani na jirani zake katika ngozi ya jani. Kisha huacha kugawanyika, lakini huendelea kunakili DNA iliyomo katika kiini chake hadi ikafikia takriban mara 16 ya kiwango cha kawaida. Huvimba, huchomoza juu ya jani, halafu hurefuka na kutoa matawi. Mimea ambayo kasoro za jeni huifanya inakili DNA kupita kiasi huota matawi mengi zaidi. Inayonakili kidogo hupungukiwa.

Hata hivyo, DNA pekee haitoshi. Jeni iitwayo STICHEL ikiharibika, DNA haipungui, ilhali vinyweleo husimama kama sindano, bila tawi hata moja. Hapo ndipo inapobainika kazi ya mirija midogo mno ya protini, iliyo kama boriti ndani ya seli. Tawi linapokaribia kuchipuka, mirija hiyo hubadilisha mwelekeo, nao ukuaji huufuata. Jeni nyingine, ZWICHEL, hutengeneza protini inayotembea juu ya mirija hiyo. Ikikosekana, matawi hupungua.

Ushahidi mzito ulitolewa mwaka wa 2000, wakati Jaideep Mathur na Nam-Hai Chua walipotumia taksoli, dawa ya saratani inayoizuia mirija hiyo isivunjike. Vinyweleo vilivyokuwa na upungufu wa matawi vilianza kuota mapya.

Dawa zinazoharibu nyuzi za aktini, ambazo ni boriti za aina nyingine, hazikatazi matawi kuota. Huyaacha tu yamepindapinda.